Siku Nyabwato Alipokutana na Rwamiheto

Ubishi wenyewe ulianzia kwenye meno. Gaudiose alikuwa amemaliza kushona mkono wa blauzi, akakata uzi kwa meno wakati mkasi ulikuwa hapo hapo mbele yake, na Papa Cassien, aliyekaa kwenye cherehani ya jirani, akamwambia kwamba siku moja meno hayo yatabaki kwenye kitambaa cha mtu. Gaudiose alicheka. Akasema meno ya wanawake wa kisiwa cha Nkombo hayavunjiki hovyo, kwa kuwa ni meno ya ukoo wa Nyabwato, aliyevuta mashua yenye watu ndani, kamba mdomoni, upepo ukimrudisha nyuma, mpaka akaifikisha ufukweni.

Bella, aliyekuwa akipiga pasi mwisho wa chumba, akauliza Nyabwato ni nani. Gaudiose akamsimulia. Alikuwa mwanamke wa kisiwani, zamani za mababu, ambaye ziwa lilimchukulia mume. Akateremka majini kumtafuta, akalelewa na fisi maji, na alipotoka alikuwa anajua yote wanayoyajua wao: kuzama bila kutikisa maji, na kukaa chini muda ambao mtu huwasha moto mpaka sufuria ya maji ichemke.

Papa Cassien alisikiliza huku akikanyaga cherehani yake polepole. Gaudiose alipomaliza, akasema kwamba huyo mama ni hodari, hilo halina shida, lakini kwao milimani, Gitambi, kuna Rwamiheto, mwindaji ambaye mshale wake haujawahi kuanguka chini bila kitu. Hao wawili wakikutana, alisema, mama wa watu ataondoka na mshale shingoni kabla hajalowa magoti.

Hivyo ndivyo vita vilivyoingia katika atelye ya ushonaji ya Mukandori.

Mukandori, ambaye mtaa mzima ulimwita Maman Manzi kwa jina la mwanawe wa kwanza, aliwaachia waendelee. Atelye yake ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye baraza, kando ya barabara inayoshuka kwenye soko la Kamembe, na washonaji wanaobishana kwa furaha hushona upesi. Ilikuwa mwaka 2001. Vita vya ng'ambo, kule Kongo, vilikuwa havijaisha; siku nyingine milio ya bunduki ilivuka ziwa kutoka upande wa Bukavu, washonaji wakainua vichwa kidogo, kisha wakarudi kwenye mishono yao. Daraja la Rusizi, la mpakani, likifunguliwa asubuhi, wateja wa Bukavu walivuka na vitenge vyao mabegani, kwa sababu harusi na ubatizo havingoji vita viishe.

Mambo ambayo hayakuzungumzwa pale ndani yalikuwa mengi. Kila mmoja alikuwa na mahali alipokuwa mwaka wa tisini na nne, na hakuna aliyemuuliza mwenzake. Ilijulikana kwamba Bella pekee ndiye aliyebaki hai kwao na akalelewa na shangazi. Ilijulikana kwamba Maman Manzi alizaliwa Bukavu, mtaa wa Kadutu, kwa wazazi waliokimbia nchi wakiwa vijana, na kwamba aliiona Rwanda kwa mara ya kwanza akiwa mtu mzima mwenye watoto. Kuhusu Cassien ilijulikana kwamba ni wa Gitambi, mjane, mwenye mikono mizuri ya kushona suti. Basi. Watu walifanya kazi goti kwa goti, wakala maharage kwenye sufuria moja, na mambo hayo wakayapita pembeni, kama unavyopita pembeni ya shimo unalolijua njiani.

Labda ndiyo sababu Nyabwato na Rwamiheto walipendwa vile. Huo ulikuwa ugomvi ambao kila mtu aliweza kuchagua upande bila kumwumiza yeyote. Wateja walichukua upande. Madereva wa pikipiki waliopaki mbele ya baraza walichukua upande. Mukagasana, shangazi ya Gaudiose, aliyeuza sambaza, dagaa wa ziwani, sokoni, alipita kila mchana na beseni tupu kichwani kuuliza mpwa wake kama bado yule mwindaji hajazamishwa.

Lakini ubishi usio na mwenyewe huota pembe. Sufuria ya maji ya Nyabwato, iliyokuwa ikichemka siku ya kwanza, wiki iliyofuata iligeuka sufuria ya viazi, na baada ya hapo ikawa ya maharage, tena maharage makavu. Rwamiheto naye hakukaa nyuma. Alianza kwa kumpiga kanga upande wa pili wa bonde. Akaanza kulenga kwa sikio akiwa amefumba macho. Mwishowe mshale wake ulijifunza kukata kona na kuzunguka mti. Kila mmoja alimwambia mwenzake mwongo, kwanza kwa kucheka, halafu kwa kucheka kidogo tu.

Siku moja Gaudiose alisema kwamba huyo Rwamiheto hajulikani popote isipokuwa kwa watu wa milimani wasiojua hata kuogelea. Cassien akajibu bila kuinua macho kwamba watu wa kisiwa wanajulikana, wao na uongo wao.

“Batu ba kisiwa?” Gaudiose aliuliza. “Sema tena, Papa Cassien. Batu ba kisiwa beko namna gani?”

Cherehani zote zilisimama. Maneno yalikuwa madogo, ya kawaida, watu huyasema sokoni kila siku. Lakini sauti ile ya kusema watu wa fulani wako hivi, kila mtu mle ndani aliijua inakotoka na inakoelekea. Bella aliinua pasi juu ya kitambaa, akabaki ameishika hewani. Cassien mwenyewe aliona alichokifanya. Alitazama mikono yake.

Maman Manzi alisimama mlangoni na chaki mkononi. Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa kupiga marufuku hadithi zote. Ingekuwa rahisi. Angesema neno moja na wangetii, na atelye ingerudi kwenye kimya chake cha zamani. Ni kimya hicho kilichomfanya asiseme neno hilo. Alikuwa amekizoea mno, na wiki zile chache za kelele zilikuwa zimemwonyesha uzito wake.

Huko Bukavu, alipokuwa msichana katika shule ya masista, alikuwa mwamuzi wa mpira wa mikono. Hakuwa na mbio za kucheza, lakini alikuwa na jicho, na alikuwa na ukaidi. Aliwahi kuinyima penalti timu ya shule yake mwenyewe, uwanja mzima ukipiga kelele, na akarudi nyumbani peke yake kwa miguu, kichwa juu. Baba yake alimkuta jikoni, akamwuliza kama ilikuwa penalti kweli. Alipojibu kwamba haikuwa, mzee alisema tu, “Basi kula,” na mpaka leo Maman Manzi hakumbuki kupewa sifa nyingine iliyomjaza namna ile.

Akaweka chaki mezani.

“Sikilizeni,” alisema. “Hii vita tutaimaliza, lakini kwa sheria. Siku ya umuganda, tukitoka kazi ya mtaa, tutakutana hapa nyuma kwenye uwanja. Kila muntu alete wake. Mie nitakuwa arbitre.”

Kisha, kabla hawajajibu, akawaambia jambo ambalo hawakulijua. Rwamiheto, alisema, alikuwa wa baba yake pia. Mzee aliondoka Rwanda akiwa kijana na hakuwahi kurudi, alizikwa Bukavu. Nchi aliyoiacha aliwapa watoto wake kwa hadithi, na katika hadithi hizo Rwamiheto ndiye aliyekuwa akitembea kwenye vilima vyote. Yeye Maman Manzi alikua akimpenda mwindaji huyo kabla hajajua mto wa kwao unafananaje. Mwamuzi mwenye upande wake lazima auseme mapema. Kama Gaudiose anataka mtu mwingine, na atafutwe.

Gaudiose alimtazama usoni.

“Baki weye,” alisema. “Sasa nimejua pa kukuchunga.”

Sheria zenyewe Maman Manzi alizitangaza kesho yake, na zilikuwa chache. Hadithi ichukuliwe kama ilivyosimuliwa nyumbani. Yaliyoongezwa atelyeni yote yafutwe, maharage na kona za mshale pamoja. Tendo lolote kubwa lazima liwe na mashahidi wawili kutoka nyumba mbili tofauti. Kila upande umweleze mwamuzi faraghani matendo yake yote kabla ya siku, ili yeye aweze kumuuliza shahidi kitu kimoja kidogo ambacho hakijasemwa hadharani. Mahali pa pambano ni ufukweni, maji ya magotini, mchana kweupe, ili asiwepo aliye nyumbani kwake kabisa. Na sheria ya mwisho, iliyowafanya wote wawili wagune: kabla ya kumsemea wa kwako, umsifu kwanza wa mwenzako, umsifu vizuri mpaka mwenzako akiri, “Ndivyo alivyo.” Asipokiri, husogei.

Siku ya umuganda ilikuja na jua. Watu walitoka kuzibua mitaro wakiwa bado na matope miguuni, wakaingia nyuma ya atelye na majembe yao mkononi. Maman Manzi alitarajia washonaji na majirani wachache. Alikuta madereva wa pikipiki, wauza nyanya, mwalimu mmoja wa shule ya msingi, wateja wa Bukavu waliovuka makusudi, na wazee wa kanisani waliojifanya wanapita. Alikalia ndoo iliyogeuzwa, akajifunga liputa yake ya kitenge vizuri kiunoni, akahisi lile joto la zamani la uwanjani likimpanda mgongoni.

Gaudiose alitangulia kumsifu Rwamiheto. Alikuwa amejiandaa, na alisifu kwa haki. Alisema mwindaji yule anaona mbali, kwamba subira yake ni ya jiwe, na kwamba aliwahi kumsubiri chui kwenye msitu wa Nyungwe tangu mwezi mpevu mpaka ukaisha. Cassien alitikisa kichwa kukubali, lakini hakukiri. Bado kuna kitu, alisema. Gaudiose akafikiri. Akasema tena, sasa polepole, kwamba ukuu wa Rwamiheto haumo kwenye mshale tu: kabla hajaachia uzi wa upinde humpigia mnyama mluzi, ili mnyama ajue anawindwa, apate nafasi yake. Hakuna hata hadithi moja ambamo alimpiga kiumbe bila kumpigia mluzi kwanza.

Maman Manzi aliusikia mluzi ule kwa kinywa cha baba yake. Alikaza uso.

“Njo vile,” Cassien alisema, na macho yake yaling'aa. “Hapo umemusema yeye mwenyewe.”

Zamu ya Cassien ilipofika, naye hakubania. Alimsifu Nyabwato kwa nguvu za taya, kwa pumzi ya sufuria moja ya maji, kwa moyo wa mtu anayemfuata mume wake chini ya ziwa. Gaudiose alikiri mara moja.

Ndipo matendo yakaletwa. Mengi yalipita bila taabu, kwa kuwa mashahidi walikuwepo. Lakini Gaudiose alikuwa ameficha moja, amemwambia mwamuzi peke yake, na sasa akalitoa mbele ya watu wote. Zamani zile, alisema, chifu mmoja wa ng'ambo alituma mashua zilizojaa wapiga upinde wakamkamate Nyabwato. Wakamkuta amesimama majini, wakavuta pinde. Yeye hakuingoja mishale. Aliwasikiliza. Nyuzi zilipolia tu alizama, mishale ikakuta maji matupu, na kabla hawajavuta mara ya pili alikuwa chini ya mashua zao, akazipindua moja baada ya nyingine.

Uwanja ulinguruma. Kila mmoja alielewa maana yake. Kama tendo lile ni la kweli, Nyabwato alikwisha kupambana na upinde na akaushinda. Kama si la kweli, amesimama kwenye maji ya magotini mbele ya mtu asiyekosa.

Shahidi wa kwanza alikuwa Mukagasana. Maman Manzi alimwita karibu, akamuuliza kwa sauti ya chini kile kitu kidogo, Mukagasana akamjibu sikioni, na jibu lilikuwa sawa. Wa pili alikuwa mwenye mashua kutoka ncha nyingine ya kisiwa. Hakuwepo. Ziwa lilikuwa limechafuka tangu alfajiri, na hakuna aliyethubutu kuvuka kutoka Nkombo. Gaudiose aliomba angojwe. Maman Manzi alitazama mawimbi meupe kule chini, akatazama watu.

Alijua anachopaswa kusema na alijua kitampendeza nani. Rwamiheto wa baba yake angeshinda, na ingekuwa kwa sheria. Hilo ndilo lililomkera, kwamba ingekuwa kwa sheria. Lakini sheria ilikuwa imetangazwa, na hawezi kuibadilisha mchezo ukiwa katikati.

“Shahidi mumoja haitoshi,” alisema. “Kama hakuna mwingine, hilo tendo linafutwa.”

Gaudiose aliinamisha kichwa. Upande wa Rwamiheto walianza kupiga makofi, halafu makofi yakasita, kwa sababu Papa Cassien alikuwa amesimama na hakuwa anapiga.

Alikuwa ameivua kofia yake na kuishika kwa mikono miwili. Tangu Gaudiose alipotaja nyuzi zilizolia, uso wake ulikuwa umebadilika, na Maman Manzi alikuwa amedhani ni hofu ya kushindwa.

“Shahidi wa pili iko,” Cassien alisema. “Ni mie.”

Watu walicheka kidogo, wakidhani ni mzaha. Yeye aliendelea. Alisema hadithi hiyo aliisikia, tena zaidi ya mara moja, na aliyeisimulia hakuwa wa Nkombo. Alikuwa mama mzee aliyeolewa Ijwi, kisiwa kingine cha ziwa lile, aliyemwita mwanamke yule kwa jina hilo hilo. Alikuwa akiwasimulia watoto, wakati wa mvua, chini ya turubai.

Angeweza kuishia hapo. Lakini mwamuzi lazima amuulize shahidi alisikia wapi, na Maman Manzi aliuliza.

“Kambini,” Cassien alisema. “Juu ya Bukavu. Tulikimbia na batoto mwaka wa tisini na nne, tukakaa kule mpaka makambi yalipovunjwa. Maman yao alibaki kule, katika udongo.”

Hakuna aliyecheka tena. Kambi zile watu walizijua. Waliokimbilia huko walikuwa wa kila namna, wenye damu mikononi na wasio nayo, na waliorudi waliangaliwa wote kwa jicho moja. Ndiyo maana wengi waliorudi walisema walikuwa kwa mjomba, au hawakusema kitu. Miaka yote Cassien aliyokaa kwenye cherehani ile, hakuwahi kutamka neno kambi.

Mtu mmoja nyuma, mwenye jembe begani, alisema kwa sauti kwamba aliyetoka kambini hana ushahidi wa kutoa hapa. Wengine waliguna, ikawa vigumu kujua wanaguna kumuunga mkono au kumkataza.

Maman Manzi aliinuka kutoka kwenye ndoo. Kelele za uwanja hazikuwa ngeni kwake.

“Papa Cassien anajulikana hapa, na kwao Gitambi anajulikana,” alisema. “Mwenye kuwa na jambo juu yake aende pa kulisema. Hapa kuna swali moja tu. Alisikia, ao hakusikia?”

Aliposema hivyo alimtafuta Bella kwa macho. Hakupanga, macho yalikwenda yenyewe. Kama kulikuwa na mtu mmoja mwenye haki ya kuondoka kwenye uwanja ule na kuvunja mchezo wote, ni yeye. Bella alikuwa ameegemea ukuta, mikono nyuma. Watu nao wakageuka kumtazama, kwa sababu nao walijua. Alimwangalia yule mzee aliyemfundisha kutia kola bila kukunja.

“Aulizwe lile swali,” Bella alisema.

Maman Manzi alimwita Cassien mbele. Safari hii hakunong'ona; kwa jambo kama hili aliona afadhali kila mtu asikie.

“Mashua zilipopinduka, mukubwa wao alitoka majini akiwa ameshika nini?”

“Mukia wa fisi maji,” Cassien alijibu. “Alizani ni kamba. Batoto bangu balikuwa banacheka mpaka banaanguka, kila siku, utazani ni mara ya kwanza.”

Mukagasana alipiga yowe la furaha. Gaudiose aliweka mkono mdomoni na kubaki hivyo. Maman Manzi alitangaza kwamba shahidi amekubaliwa na tendo limesimama. Kisha, kwa kuwa alitaka kujua na si kwa kuwa sheria ilidai, alimuuliza Cassien kwa nini alisema, wakati kimya chake kilikuwa kinamshindia.

Cassien aligeuza kofia mikononi.

“Ule mama sijui kama anaishi,” alisema. “Makambi yalipovunjwa kila muntu alishika njia yake. Kama nikakubali hapa kwamba ile hadithi haiko, yeye alikuwa anatuelezea nini?”

Akaivaa kofia. Halafu, na hapo ndipo watu waliposema baadaye kwamba hawajawahi kuona kitu kama kile, akageuka kuwa mpinzani tena na kupigania mwindaji wake kwa nguvu zake zote. Sawa, alisema, mama anazama uzi ukilia. Basi Rwamiheto ataliza uzi mtupu, bila mshale. Nyabwato atazama. Mwindaji ataweka mshale taratibu, atasubiri kwa subira ile ile ya chui, na pumzi ya sufuria moja ikiisha, kichwa kitatokea, na hapo hapo ataachia.

Uwanja ulilipuka. Lilikuwa jibu zuri mno. Mwalimu wa shule ya msingi alimshika dereva wa pikipiki mkono, akamwambia imekwisha. Hata Maman Manzi aliona moyo wake ukiruka kuelekea kule ulikozoea.

Gaudiose alingoja kelele zipungue. Alipozungumza alikuwa mpole, karibu na huruma.

“Papa Cassien,” alisema, “kabla ya kuachia, Rwamiheto anafanya nini?”

Cassien alifungua mdomo. Kila mtu alimwona akilitazama jibu, na akitazama njia zote za kulikwepa. Zilikuwepo. Angeweza kusema kwamba mluzi ni wa wanyama tu, au kwamba kwenye vita mambo hubadilika, na wapo ambao wangempigia makofi.

“Anapiga mluzi,” alisema.

“Na mama anasikia?”

“Anasikia. Mwenye kusikia uzi, mluzi atausikia tu.”

Maman Manzi hakuhitaji kusikiliza zaidi. Alisimama, akavuta pumzi, akatoa hukumu yake kwa sauti ile ile aliyoitumia zamani kunyima penalti. Nyabwato ameshinda, alisema. Rwamiheto angeweza kumpiga, kwa kuwa ana jicho, ana subira na ana akili ya kumpiga. Lakini lazima ampigie mluzi kwanza, naye akisikia atazama tena, atatokea mahali pengine, na mwishowe miguu ya mwindaji imo majini, ambako yeye ataishika amzamishe. Akiuacha mluzi atashinda, lakini hapo atakuwa mwindaji mwingine. Rwamiheto atakuwa hayupo.

Alipokuwa akisema hayo alimwona baba yake jikoni Kadutu, na hakuona kwamba amemwibia kitu. Mwindaji wa mzee alikuwa ameanguka kwa sababu ya jambo bora kuliko yote aliyokuwa nayo. Machozi yalimjia, akayaacha yaonekane, kichwa juu.

Wanawake wa sambaza walicheza mpaka vumbi likapanda. Gaudiose hakucheza mara moja. Alikwenda kwa Cassien, akamshika mikono yote miwili kama wanavyoshikwa wazee, akamwambia kwamba lile neno la watu wa milimani analirudisha. Cassien akasema na lake la kisiwa alilirudisha siku nyingi, ila hakujua mlango wa kulitolea. Yule mwenye jembe aliondoka bila kuaga mtu. Wengine wengi walibaki, na kabla ya kwenda zao walipita kwa Cassien mmoja mmoja, wakampa mkono na kumwambia amepigana.

Jumatatu kazi ilianza kama kawaida. Kulikuwa na suti za harusi za kumaliza, na umeme ulikatika, kwa hiyo pasi ya makaa ikawashwa mapema. Katikati ya asubuhi Bella alisogeza kiti chake karibu na cherehani ya Cassien na kumuuliza yule mama wa Ijwi alikuwa akiwasimulia hadithi gani nyingine. Cassien alimtazama kwanza kama anayetaka kuhakikisha amesikia vizuri. Akaanza. Alisimulia za fisi maji, akasimulia na za turubai, na za njia ya kurudi, na za mkewe, jina lake na alivyokuwa akiimba vibaya kanisani. Hakuna aliyemkatiza. Bella alishona huku akisikiliza, na ilipofika zamu yake alisema mawili matatu ya kwao, ya nyumba yao ilivyokuwa, ambayo Maman Manzi hakuwahi kuyasikia.

Mchana aliingia mteja kutoka Bukavu, mama mnene mwenye kitenge cha manjano, akauliza kama ni hapa palipopigwa lile pambano linalosemwa ng'ambo, na nani alishinda. Gaudiose alifungua mdomo, lakini Maman Manzi alimwonyesha kwa kidole amwachie Papa Cassien.

Cassien aliacha kukanyaga cherehani. Alimsimulia mteja pambano lote tangu mwanzo: meno, kamba, chui, wapiga upinde, mkia wa fisi maji, uzi mtupu alioupanga vizuri, na mluzi uliomwangusha mtu wake. Alimpa Nyabwato kila kilichokuwa chake. Maman Manzi alisikiliza akiwa amesimama na kipimo shingoni, tayari kumsahihisha, na mpaka mwisho hakukuta mahali pa kuingilia.

“Kwa hiyo wako alishindwa,” mteja alisema.

“Alishindwa,” Cassien alijibu, akinyoosha mgongo. “Lakini nyosha mukono, Maman, nipime.”